Nyumba ya watu saba kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30: tuchague ramani ipi?

Swali: Tumenunua kiwanja Mapinga, mita 20 kwa 30. Upande mfupi ndio unaopakana na barabara, na barabara iko magharibi. Tuko saba: mimi na mume wangu, wasichana wawili, wavulana wawili, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tutajenga kwa awamu, kadiri hela inavyopatikana. Fundi wetu ana ramani ya sebule katikati, vyumba vinne vimeizunguka. Shemeji yangu kila siku anatutumia picha za ghorofa zenye paa la kuficha. Mama anasema tujenge kama nyumba yao ya Kariakoo, korido katikati na uani nyuma. Tumebaki njia panda. Tuchague umbo gani? Fundi anataka kuchimba msingi kabla ya masika.

Jibu: Dada yangu, wekeni picha pembeni kwanza. Kitakachoamua kama nyumba hiyo mtaipenda baada ya miaka kumi ni jinsi sehemu zake tatu zilivyopakana: upande wa wageni, upande wa kulala, na upande wa kazi, yaani jiko na uani. Paa, rangi na nguzo za mbele hubadilishika. Mpangilio wa sehemu hizo tatu ukishamwagiwa zege, ndio basi. Na kwa maelezo uliyonipa, mama yako yuko karibu zaidi na jibu kuliko fundi na shemeji, ingawa ramani yake nayo inahitaji kurekebishwa.

Nianze na ya fundi, maana ndiyo inayojengwa sana siku hizi. Ni boksi: unaingia sebuleni, na milango ya vyumba inafunguka humohumo. Fundi anaipenda kwa sababu haina korido, na kwenye hilo ana hoja. Korido ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9 ni mita za mraba 10.8, sawasawa na chumba cha mita 3 kwa 3.6. Kuikwepa ni kuokoa chumba kizima. Lakini tazama unacholipa. Sebule iliyozungukwa na vyumba inabaki na ukuta mmoja tu wa kuweka madirisha, pengine miwili. Katikati panakuwa giza, taa inawashwa mchana, feni haizimwi. Binti akitoka kuoga anapita mbele ya wageni. Kukiwa na msiba nyumbani, wanawake wamejaa ndani na wanaume wako nje chini ya turubai, hakuna mtu anayeweza kuingia chumbani kwake bila kuvuka mikeka ya watu. Kwa mume na mke wenye mtoto mmoja ramani hiyo inatosha kabisa. Kwa watu saba wa vizazi vitatu, hapana.

Ghorofa ya shemeji nitaipitia haraka. Ngazi inayopandika vizuri inakula kama mita za mraba 9 chini na nyingine kama hizo juu. Nguzo, mihimili na zege la sakafu ya juu ni lazima zisanifiwe na mhandisi, na zote zijengwe kwanza kabla hamjapata pa kulala, jambo linaloua mpango wenu wa awamu. Mama hatapanda. Ningewashauri ghorofa kama kiwanja kingekuwa nusu ya hicho. Ninyi mna mita za mraba 600.

Paa la kuficha nalipinga kwa sababu nyingine, na napenda mlisikie hata kama ghorofa mmeiacha, maana watawaletea kwenye nyumba ya chini pia. Paa hilo lina mteremko mdogo sana uliozungushiwa ukuta, na maji yake yote yanakusanywa kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba. Majani yakiziba mfereji, maji hayana pa kwenda ila kwenye dari. Pwani yetu ina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mfereji huo unajaribiwa mara mbili kila mwaka. Baya zaidi, nyumba inakosa ukingo wa paa unaotoka nje ya ukuta. Mvua inapiga ukuta moja kwa moja, jua nalo hivyohivyo, na madirisha hayawezi kuachwa wazi wakati wa mvua. Nyumba ya Pwani isiyo na kivuli chake yenyewe ni nyumba ya kununulia umeme.

Sasa nyumba ya mama. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni mnaifahamu: baraza mbele, korido inayokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha uani wenye jiko, choo na stoo. Waliozijenga walijua walichokifanya. Baraza lilimpokea mgeni bila kumwingiza ndani. Korido ilipitisha upepo. Uani ilikuwa nusu ya maisha ya nyumba: kupika, kufua, kuanika, kusukana, watoto kucheza huku mama anawaona. Na ilijengeka chumba kwa chumba, na kukodishika chumba kwa chumba. Kasoro zake kwenu ni tatu. Kila chumba kina dirisha upande mmoja tu, kwa hiyo hewa inaingia bila kupata pa kutokea. Korido ya katikati inamruhusu anayesimama mlangoni kuona hadi uani. Na choo kiko nje, ambapo mtu wa magoti mabovu hapaswi kwenda usiku.

Pendekezo langu ni kuichukua nyumba hiyohiyo, kuipunguza unene ibaki na safu moja ya vyumba, halafu kuikunja iwe herufi L. Uani unakaa kwenye kiwiko cha L. Kwenye kiwanja chenu inakaa vizuri sana, na nitaeleza kwa nini upande kwa upande.

Mapinga iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua haliko mbali na utosi: Juni linainamia kaskazini, Desemba linainamia kusini kidogo. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na ukingo wa paa tu. Ukitokeza sentimita 75 hivi unatosha. Ukuta unaotazama magharibi haulindiki hivyo, kwa sababu jua la alasiri linakuja likiwa chini. Kuanzia saa tisa tofali linakunywa joto, na usiku mkiwa mmelala ndipo linalitoa. Kwa hiyo kosa kubwa mnaloweza kufanya ni kuitandaza nyumba yote mbele, ikitazama barabara, vyumba vya kulala vikiwa magharibi. Fundi atapenda kufanya hivyo ili nyumba "ionekane". Mkatalieni.

Mkono mfupi wa L ukae mbele, kufuata barabara, urefu wa mita 12 hivi na kina cha mita 5.5. Huo ndio upande wa wageni na kazi. Mkono mrefu uanzie ncha yake ya kusini uende nyuma, mashariki, kama mita 15. Huo ndio upande wa kulala. Acheni mita 2 kusini kwa hewa, na kaskazini mtabaki na kama mita 6 za kupitisha gari. Uani unaangalia kaskazini-mashariki, barabarani hauonekani.

Upepo nao unakubaliana na mpango huo. Kaskazi, ule wa miezi ya joto kuanzia Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini-mashariki na utaingia uani moja kwa moja. Kusi ukianza kuvuma baada ya hapo, unatokea kusini na kusini-mashariki, unapiga madirisha ya vyumba. Upepo wenu wote miwili una asili ya mashariki, kwa hiyo jiko likikaa pembe ya kaskazini-magharibi, kwenye ncha ya mkono wa mbele, moshi na harufu vinatoka kuelekea barabarani badala ya vyumbani. Mlango wa jiko ufunguke uani. Ukuta wake wa magharibi wekeni stoo, msiweke dirisha. Mkaa na vyungu vikubwa vya shughuli vipate kibanda upande wa uani, kwa sababu siku ya watu mia hamtapikia ndani.

Ukitoka jikoni kwenda kusini unaingia dainingi ya mita 3, yenye mlango mpana wa uani, kisha sebule ya mita 5. Mbele ya sebule na dainingi pawe na baraza la kina cha mita 2 kamili. Najua wengi wanajenga la mita 1.2, lakini hilo ni la kupitia tu. Mkeka ukitandikwa, watu hawapishani. La mita 2 watu wanakaa, na linaukinga ukuta wa magharibi mpaka kama saa kumi jioni. Baada ya hapo jua linapenya chini ya paa, hivyo pandeni mwarobaini mmoja au miwili upande wa barabara, mbali na msingi.

Mkono wa kulala ndio kiini cha jibu langu. Uwe na unene wa chumba kimoja tu: chumba cha mita 3.6, korido ya mita 1.2 ubavuni mwake upande wa uani, jumla kama mita 5.25 pamoja na kuta. Korido hiyo msiizibe kama handaki. Ukuta wake wa uani jengeni kwa tofali za matundu au madirisha mapana yenye nyavu na grili, na juu ya kila mlango wa chumba muache tundu la hewa. Kila chumba kitakuwa na dirisha kusini na njia ya hewa kaskazini, upepo unapita mtu akiwa amelala. Kwenye madirisha, nawaomba mfikirie tena yale ya aluminiamu ya kuteleza ambayo kila fundi anayo: dirisha la namna hiyo linafunguka nusu yake tu. La bawaba linafunguka lote.

Wazee wetu walioishi kwenye majumba ya mawe ya Lamu na Unguja walilala katika vyumba vyembamba, kwa kuwa dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazikuruhusu upana wa kufika hata mita 3 kwa raha. Wembamba huo haukuwazuia kuishi vizuri. Chumba chembamba chenye hewa kinashinda chumba kinene kisicho nayo, na huo ndio moyo wa ramani hii.

Mpango wa milango kutoka sebuleni kuelekea mashariki uwe hivi: choo na bafu la wote, chumba cha mama, wasichana, wavulana, na masta mwisho kabisa. Choo kikiwa mlango wa kwanza, mgeni anakifikia bila kupita vyumba vya watu, na mama anakifikia usiku kwa hatua chache, bila ngazi wala kizingiti. Mlango wake na wa choo iwe sentimita 90, na ukuta wa choo uwe imara wa kushikia bomba la mkono. Masta ikiwa mashariki inapata jua la asubuhi, joto la jioni haliifikii. Kitanda cha futi 6 kwa 6 ni mita 1.83 kila upande. Kwenye chumba cha mita 3.6 kinabakiza nafasi ya kabati na ya kupita. Bafu la masta likae upande wa uani ili bomba lake lifuate mkondo mmoja na mengine.

Kama ninyi ni Waislamu, kumbukeni kwamba kutoka ukanda wenu kibla ni karibu kaskazini kamili. Sinki za choo zielekee mashariki au magharibi. Mwambieni fundi bomba kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, kumwagwa. Baadaye ni kuvunja.

Fundi atawaambia L ni ghali. Ana haki, lakini si kwa kiasi anachosema. Chukua nyumba ya mita za mraba 100. Ikiwa mraba wa 10 kwa 10, ukuta wa nje ni mita 40. Ikiwa L yenye mikono ya upana wa mita 5, ukuta wa nje unakuwa mita 50. Mita 10 za ziada kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 30, karibu tofali 300, pamoja na msingi wake, plasta yake na rangi yake. Hiyo ni hela, sikatai. Upande wa pili wa hesabu ni paa. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ya kuvuka mita 10 kwa mteremko wa nyuzi 30 inapanda karibu mita 2.9 katikati, ya kuvuka mita 5 inapanda mita 1.4. Mbao fupi, kazi nyepesi. Mahali pa kuangalia kwenye paa la L ni bonde lile ambapo miteremko miwili inakutana juu ya kiwiko: wekeni bati pana la mfereji chini yake, na msikubali msumari upigwe ndani ya mfereji huo.

Halafu kuna awamu, na hapa ndipo L inapowalipa. Boksi lazima liezekwe lote ndipo mhamie. L inaezekwa kipande. Awamu ya kwanza jengeni mkono wa mbele pamoja na choo, chumba cha mama na kimoja kinachofuata. Huko mnaweza kuhamia, mkibanana kidogo, mkaacha kulipa kodi. Ili nyongeza isiwe mateso, mkono wa kulala upigiwe paa la miteremko miwili tu, lenye ukuta wa pembetatu mwishoni. Likiwa na mteremko pande zote nne, siku ya kuongeza vyumba mtabomoa kenchi za mwisho. Msingi wa mkono mzima, mkiweza, umwagwe kwa mara moja hata kama kuta zitasubiri, kwa sababu misingi iliyopishana miaka hushuka kwa tofauti na ukuta hupasuka pale inapoungana. Nondo zitakazoachwa zitokeze zipakwe saruji nyepesi zisiliwe na kutu, kwani hewa ya bahari kwenu iko karibu.

Faida ndogo ambayo watu huisahau: kila mita ya mraba ya paa ikipokea milimita moja ya mvua inatoa lita moja. Awamu ya kwanza pekee itawapa paa la zaidi ya mita za mraba 100, na mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 2,000 za kujaza tangi. Wekeni gata upande wa uani tangu mwanzo.

Karo la maji taka liwe kwenye ule ukanda wa kaskazini linapopita gari, mahali ambapo gari la kunyonya linafika bila kuvunja uzio. Kutoka mabafuni hadi hapo bomba litavuka uani. Lipeni mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, maana yake mita 12 zinahitaji kushuka sentimita 30. Ndiyo sababu kimo cha jamvi lazima kijulikane kabla ya kuchimba chochote.

Na hilo linanirudisha kwa fundi na haraka yake. Msichimbe kabla ya masika. Kwanza, mnahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na halmashauri ndiyo itakayowapa umbali wa kuacha kutoka barabarani na mipakani. Vipimo nilivyotaja virekebishwe kufuata huo. Pili, mchoro uchorwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, siyo mtu wa kunakili picha za simu. Mpeni karatasi hii na mumweleze mnavyoishi: nani anaamka saa ngapi, nani anapika, mnapokea wageni wangapi sikukuu. Tatu, masika yenyewe yatawafundisha kiwanja chenu. Mvua kubwa ikinyesha nendeni mkaone maji yanatuama wapi na yanatokea kwa jirani yupi. Mkono wa kulala usikae kwenye dimbwi, na huo ni ukweli ambao kiangazi hauonekani.

Siku kavu moja, chukueni kamba, vigingi vya miti na chokaa, mchore nyumba nzima ardhini kwa vipimo halisi. Nendeni wote saba. Tandikeni mkeka wa futi 6 kwa 6 mahali pa kila kitanda. Mama atembee kutoka kitandani kwake hadi chooni. Wewe beba ndoo kutoka getini hadi jikoni, kisha jikoni hadi uani. Mumeo akae barazani atazame anachokiona mlango ukiwa wazi. Kama kuna mahali mnagongana, sogezeni kamba papo hapo, pimeni upya, na vipimo hivyo vipya ndivyo vya kumpelekea mbunifu.